Sahani ya Peni 37

Mwaka 2005 kituo cha Channel 4 cha Uingereza kilimwingiza mpishi Jamie Oliver katika jiko la shule ya Kidbrooke, huko Greenwich, London. Makala yenyewe, Jamie's School Dinners, yalikuwa na sehemu nne tu. Wengi walioyatazama wanakumbuka Turkey Twizzlers, vile vipande vya bata mzinga vilivyosokotwa kama springi, nyama yenyewe ikiwa kiasi cha thuluthi. Mimi nilibaki na hesabu: viungo vya mlo wa mtoto mmoja vilitengewa peni 37.

Ukishaijua hesabu hiyo, humwoni tena mpishi wa shule kwa jicho lilelile. Nora Sands, aliyesimamia jiko lile, alikuwa na foleni ya watoto mlangoni na fedha za kununulia vya kwenye friza. Nazo peni 37 zina asili yake. Sheria ya elimu ya 1980, enzi za waziri mkuu Margaret Thatcher, ilifuta viwango vya lishe katika chakula cha shule. Baadaye zabuni zikawa zinakwenda kwa aliyetaja bei ya chini. Robo karne ikapita, ndipo watu wakaanza kuuliza mbona watoto wananenepa.

Toleo hili linahusu unene na afya ya jamii, na nimeanza na makala ya zamani kwa kusudi. Naona televisheni hufanya kazi yake vizuri inaposoma bajeti, na huharibu inapomulika mdomo wa mtu. Makala yale yalifanya yote mawili. Hesabu ya sahani ilizaa saini 271,677 zilizopelekwa Downing Street, kwa waziri mkuu, na serikali ikaahidi pauni milioni 280, pamoja na kima cha chini cha peni 50 kwa mlo katika shule za msingi na 60 katika sekondari.

Kisha ikaja Septemba 2006, vyakula vipya vikiwa vimeanza kupikwa shuleni. Huko Rawmarsh, karibu na Rotherham, akina mama walionekana wakiwapitishia watoto baga na chipsi kwenye uzio wa shule. Picha ilizagaa nchi nzima. Walikuwa na malalamiko yao, kwamba watoto wamezuiwa kutoka nje na hawakipendi kinachopikwa, lakini vicheko vilisikika zaidi.

Kumtia mtu kinyaa nako hakufui dafu. Mwaka 2010, mjini Huntington, West Virginia, Oliver alisaga ngozi na mifupa ya kuku mbele ya watoto, akakaanga vipande vya nuggets, akauliza nani atakula. Mikono ikainuka. (Nilicheka peke yangu sebuleni, ningekuwa na miaka minane ningeinua mkono pia.)

Linganisha na kodi ya vinywaji vyenye sukari iliyoanza Uingereza Aprili 2018, kwa viwango vya wakati huo: peni 18 kwa lita kinywaji kikifikisha gramu 5 za sukari katika kila mililita 100, peni 24 kikifikisha gramu 8. Ilikuwa imetangazwa miaka miwili kabla, hivyo viwanda vingi vilipunguza sukari hata siku ya kwanza haijafika. Mtoto hakuhubiriwa wala hakupigwa picha. Kwa televisheni, hicho ni kipindi kibovu kabisa.

Huku kwetu mtu akikuambia umenawiri anakusifu, na kitambi bado kina heshima yake baa na harusini. Kwa hiyo mtayarishaji wa Dar es Salaam atavutwa na matumbo: yapigwe picha barabarani, vichwa viachwe nje ya picha, iwekwe sauti ya daktari. Nimewaomba waandishi wa toleo hili wasifike huko. Nimewatuma kwenye mageti ya shule saa nne asubuhi, kengele ya mapumziko ikilia, penye mihogo ya kukaanga, ubuyu na soda za chupa za plastiki. Yule mama mwenye karai anajua mtoto amekuja na shilingi ngapi, lita ya mafuta ni bei gani leo, na mafuta hayo lazima yakaange mara ngapi ndipo apate faida. Nimewaambia waanze kwa kumuuliza yeye.