Motokaa Ipi Itufaayo Huku Kwetu?

Katika bweni letu hapana mabishano yanayodumu kama mabishano ya motokaa. Taa huzimwa, kila mtu yumo kitandani mwake, mara utasikia sauti gizani, "Vitz!" Na mwingine atajibu, "Wapi! IST!" Basi tutaendelea mpaka kiranja aje kutunyamazisha. Mimi nilikuwa mmoja wa wasemaji wakubwa. Leo naomba nafasi katika gazeti letu, nieleze jinsi nilivyoyageuza mawazo yangu, kwa kuwa safari hii si maneno ya bwenini tu. Ni fedha za wazee wangu.

Baba ni mwalimu hapa Tabora mjini, na Mama ni muuguzi katika zahanati ya kijiji kimoja mbele ya Urambo. Kila Ijumaa Baba hupanda basi mpaka Urambo, kiasi cha kilometa 90, kisha hutafuta pikipiki ya kumfikisha nyumbani kwa njia ya mchanga. Mwaka huu wamepata mkopo katika chama chao cha akiba na mikopo, nao utakatwa katika mshahara wa Baba kwa miaka minne. Dada yangu ataingia chuo mwakani, na ada yake itatoka katika mshahara huo huo. Kwa hiyo wakinunua motokaa isiyofaa, hasara haitakuwa ya Baba peke yake.

Mjomba, aliyeko Dar es Salaam, ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta. Akaleta habari za Mazda Demio ya dizeli, ya namna ile iliyotoka Japani mwaka 2014. Ni motokaa ndogo, ya milango mitano, nayo hunywa mafuta kidogo. Lakini amezikuta mbili: moja ni XD ya kawaida, na ya pili ni XD Touring, yenye sura ya motokaa za mashindano. Touring ina rimu kubwa zaidi na viti vya mapambo. Mbele ya dereva pana saa kubwa ya mizunguko ya injini, na juu ya usukani kuna kioo kidogo kinachoonyesha mwendo. Bei yake yazidi kwa shilingi milioni moja na nusu. Mjomba aliipenda Touring. Nami nilipoiona picha yake likizo iliyopita, nikamwambia Baba, "Baba, ukinunua ile nyingine watatucheka." Baba hakukasirika. Alinipa karatasi za vipimo akasema, "Mwanangu, wewe wasoma hesabu. Pima, kisha uniandikie."

Basi nikapima. Jambo la kwanza lilinivunja moyo: injini ni ile ile! Zote mbili zina sentimeta za ujazo 1,498 na nguvu za farasi 105. Nguvu ya kuzungusha ni Nm 250 kwa zile zenye gia za otomatiki, na hizi zote mbili ni za otomatiki. Touring haina hata farasi mmoja zaidi. Mapambo yale yote ya mbio hayaongezi mbio. Na hata kama yangeongeza, Baba angekimbilia wapi, ikiwa kila kijiji kina kibao cha 50?

Kisha nikatazama matairi, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. XD huvaa 185/65 R15, na Touring huvaa 185/60 R16. Maana yake ni kwamba ubavu wa tairi la XD ni asilimia 65 ya milimeta 185, yaani milimeta 120 na kidogo. Wa Touring ni asilimia 60, yaani milimeta 111. Tofauti ni milimeta 9. Wenzangu wakasema, "Milimeta tisa ni kitu gani?" Lakini ubavu wa tairi ndio mto unaoikinga rimu. Gurudumu likitumbukia shimoni, au likigonga jiwe, ubavu mfupi huwahi kubanwa, na rimu hupindika. Hapa nataka kusema kweli: kwa kipimo cha gurudumu zima, la Touring ni kubwa kidogo, kwa milimeta 7 hivi, hata motokaa huinuka milimeta 3 na nusu. Faida hiyo ni ndogo mno. Tena siku ya ruhusa nilipita katika maduka matatu ya matairi mjini. Saizi ya R15 ilikuwapo katika yote matatu. Ile ya R16 sikuiona hata katika moja.

Na hiyo dizeli je? Wako watakaosema kwamba ni afadhali petroli, na kwa mtu wa mjini nakubaliana nao kabisa. Dizeli za siku hizi zina chujio la masizi katika njia ya moshi. Masizi yale huteketezwa injini inapokuwa ya moto katika safari ndefu. Mtu atokaye Isevya kwenda sokoni na kurudi, kila siku dakika kumi, chujio lake litaziba, naye atashinda kwa fundi. Lakini Baba atakwenda kilometa 90 za lami bila kusimama, na kurudi Jumapili. Njia ya namna hiyo ndiyo iifaayo dizeli.

Njia zetu za magharibi zimezoea wasafiri wenye mapambo. Katika misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, kirangozi alitangulia kwa nguo nyekundu na manyoya kichwani. Nyuma yake walifuata wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Sijasoma popote kwamba manyoya yale yaliupunguza mzigo wa mtu yeyote.

Nakiri kwamba kile kioo cha juu ya usukani ni kitu chema, maana dereva huona mwendo wake bila kuinamisha macho. Kama kingeuzwa peke yake ningemwomba Baba akinunue. Lakini Demio hizi kutoka Japani huja bila tairi la akiba. Huwekewa dawa ya kuzibia pancha tu na pampu ndogo. Dawa ile haizibi tairi lililopasuka ubavuni, na katika kilometa 20 zile za kwenda kijijini hakuna duka wala fundi. Mara nyingine Mama huitwa zahanati usiku, naye ndiye atakayekuwa ndani.

Nimemwandikia Baba hivi: nunua XD ya kawaida, kisha katika ile milioni na nusu utoe fedha za rimu ya tano na tairi lake, na zinazobaki ziwekwe kwa ajili ya Dada. Mjomba amepata habari na hakufurahi. Asema mimi nimemgeuka.

Majibu ya Baba yamefika wiki hii, mistari miwili tu: "Nimezisoma hesabu zako. Irudie ile ya matairi, kisha nitampigia Mjomba."

Nimeirudia mara mbili. Ni milimeta 9 na robo.