Kijana wa Mwaloni Asifungiwe Mlango wa Pili

Katika siku za giza, wavuvi wa Kibirizi, Katonga na Mwamgongo huingia ziwani na taa zao kuwafuata dagaa na migebuka. Mbalamwezi inapowaka, taa hazina tena nguvu ya kuwavuta samaki, na mitumbwi hupumzishwa ufukoni. Maisha ya kaya nyingi za mwambao wa Ziwa Tanganyika hufuata kalenda hiyo. Asubuhi inayofuata usiku wa giza, kila mwenye mikono huhitajika mwaloni kuanika dagaa, kushona nyavu au kubeba mizigo. Kengele ya shule haiujui mwezi. Hapo ndipo mgongano unapoanza, na aghalabu anayeshindwa ni mtoto.

Haifai kusema kwamba tatizo hili limetokana na ada peke yake. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka 2016. Lakini wapo bado vijana wa miaka kumi na minne hadi kumi na minane ambao majina yao hayamo katika daftari la shule yoyote: aliyevutwa na fedha ya samaki, aliyepata mimba, na yule aliyeambiwa nyumbani kwamba amefeli darasa la saba na basi yamekwisha. Wazazi wengi huamini kwamba atokaye shuleni ametoka katika elimu. Imani hiyo si kweli, na ni wajibu wetu kuisahihisha.

Sheria na taratibu za nchi hii zimeacha mlango wa pili. Aliyemaliza elimu ya msingi bila kupata sekondari anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa unaosimamiwa na Baraza la Mitihani, na akifaulu akajiandikisha kuwa mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, ina kazi ya kuwaongoza wanaosoma kwa njia hiyo. Wakati huo huo chuo cha VETA kipo Kigoma mjini, na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kipo Kasulu. Kwa hiyo si ndoto kwamba kijana asiye na sare ya shule asome hisabati na Kiswahili jioni, na mchana ajifunze useremala, ushonaji au ufundi wa mitambo chuoni.

Wenzetu wa nje wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Huko Marekani, ambako chuo cha jamii cha Joliet katika jimbo la Illinois kilianzishwa mwaka 1901, wapo vijana wanaofundishwa nyumbani na wazazi wao ambao, kabla ya kumaliza masomo ya sekondari, hujiandikisha katika vyuo vya aina hiyo. Mara nyingi somo moja walisomalo huko huhesabiwa mara mbili: katika kumaliza sekondari, na katika safari ya chuo. Hatusemi tuwaige katika kila kitu. Sheria yetu ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka kila mtoto aliyefikia umri aandikishwe shule ya msingi, nasi tunaiunga mkono. Tena kijana wetu hakubaki nyumbani kwa hiari ya mzazi msomi. Alisukumwa nje na hali. Linalofaa kuigwa ni kanuni moja tu, kwamba somo lililoeleweka lihesabiwe, popote lilipofundishwa.

Kanuni hiyo si ngeni kwetu. Wazee wa Ujiji walipotamka neno chuo, walikusudia mahali mtoto anaposoma Kurani, na kusoma huko hakukumzuia kujifunza kazi ya mikono kwa fundi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akakataa shule inayomtenga mtoto na kazi za watu wake. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa mwaka 1975, kwa mfano uliotoka Sweden, vilikuwa tunda la fikira hiyo.

Wala hatuzungumzi nadharia. Katika vyuo hivyo ulianzishwa mpango wa Elimu Haina Mwisho, ambao kwa huo wanawake vijana walioacha shule husoma masomo ya sekondari na ufundi mahali pamoja, na watoto wao wadogo wakatunzwa hapo hapo. Tarehe 24 Novemba 2021, Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliopata mimba, wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Na mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeweka katika sekondari mkondo wa amali, ambamo mwanafunzi hujifunza fani ya kazi pamoja na masomo ya darasani. Serikali, basi, imekwisha kukubali kwamba daftari na randa vinaweza kukaa juu ya meza moja. Swali letu ni hili: kilichokubaliwa kwa mtoto aliye shuleni, kwa nini kisikubaliwe kikamilifu kwa yule aliye nje yake?

Kwa maoni yetu yanatakiwa mambo mawili. La kwanza ni kuziunganisha njia hizi. Kijana anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne huku akijifunza ufundi asihesabiwe kuwa watu wawili, mmoja wa ofisi hii na mwingine wa ofisi ile. Aandikishwe mara moja, na alichojifunza upande mmoja kitambuliwe upande wa pili. Pale Kibirizi ipo kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Mtoto wa mvuvi anayeipita kila siku bila cheti cha kidato cha nne anastahili kuonyeshwa njia ya kuifikia.

La pili ni ratiba. Madarasa ya jioni katika vijiji vya ziwani yapangwe kwa kufuata mwezi: yawe mengi siku za mbalamwezi, yapungue siku za giza. Aidha, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Katika miezi mitatu kama hiyo mwalo hutulia na mikono ya vijana huwa mitupu. Mahali penye mwalimu na kitabu, muda huo ungetosha kumrudisha kijana kwenye njia. Mahali pasipo na kitu, ni muda wa kukaa vijiweni.

Watakuwapo watakaosema kwamba kufuata kalenda ya wavuvi ni kuhalalisha kazi za watoto. Hoja hiyo ni nzito, na hatuipuuzi. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Anayempeleka mtoto ziwani usiku achukuliwe hatua. Lakini marufuku peke yake humtoa mtoto katika mtumbwi na kumwacha mchangani. Darasa linalomfikia ndilo linalompa pa kwenda. Wengine watahofu kwamba mlango wa pili utawatoa watoto katika ule wa kwanza. Tunasema shule ibaki kuwa njia kuu, na mlango huu uwe wa yule aliyekwisha kuikosa.

Tunawaomba viongozi wa Mkoa wa Kigoma, halmashauri zake na wakuu wa vyuo wakae pamoja juu ya suala hili. Majengo yapo, taasisi zipo, na mitihani ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda mwaloni kumwambia kijana kwamba jina lake bado linaweza kuandikwa.