Kona ya Mwalimu: Rangi Iliyochoka na Rangi Iliyokufa



Wengi wetu tunaoishi kando ya Huanshi Zhonglu hatuna gari hapa. Tangu mwaka 2012 jiji la Guangzhou limeweka kikomo cha namba mpya za magari, nazo hugawanywa kwa bahati nasibu na kwa mnada. Metro ya Xiaobei yatutosha. Hata hivyo gari la ukoo lipo. Lipo Tanga, Mombasa, Kampala au Bukavu, limeegeshwa uani, linapigwa jua na mvua, na kila baada ya muda picha yake hutufikia kwa simu ikiandamana na ombi la fedha.

Mwezi uliopita mama mmoja wa jumuiya yetu alinionyesha picha ya namna hiyo. Boneti ilikuwa imepauka kama ubao wa darasa uliofutwa kwa kitambaa kikavu. Mdogo wake, ambaye hupata riziki kwa gari hilo, aliomba fedha za kununua rangi, kompresa na mashine ya kupulizia, ili aipige rangi mwenyewe palepale nyumbani. Mama aliuliza swali fupi: nitume au nisitume?

Nilimshauri aagize kwanza picha mbili za kila upande wa gari: moja likiwa kavu, nyingine likiwa limemwagiwa maji. Sababu yake ni hii. Tangu miaka ya 1980 viwanda vingi vimekuwa vikipaka rangi, kisha kuifunika kwa tabaka angavu ambalo mafundi wetu huliita klia. Matabaka yote kwa jumla, kuanzia yale ya kuzuia kutu, hayazidi sana unene wa karatasi moja ya daftari. Klia peke yake ni kiasi cha mikroni 40 au 50, na mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Miale ya jua huivunjavunja klia hiyo kidogo kidogo, hasa kwenye boneti na paa, kwa kuwa sehemu hizo hulitazama jua uso kwa uso. Chumvi ya bahari, vumbi na kinyesi cha ndege humalizia kazi.

Ikiwa weupe unatoweka maji yanapomwagwa, na rangi ikarejea kama ya zamani hadi itakapokauka, basi rangi hiyo imechoka tu. Ngozi yake ya juu imeharibika, lakini chini yake iko nzima. Ikiwa mabaka yanabaki hata chini ya maji, na ukucha unakwaruza kwenye kingo zake kama ganda la kitunguu linalobanduka, basi klia imekufa. Hakuna chupa yoyote, ya Kichina, ya Kijapani wala ya Kijerumani, itakayoifufua. Picha za mama yule zilitoa jibu lililogawanyika: milango na boneti vilirejea chini ya maji, paa lilibaki na mabaka.

Kwa sehemu zilizochoka, mtu asiyewahi kushika kazi hii aweza kuifanya nyumbani. Gari lioshwe vizuri kwa sabuni na maji mengi, kwa maana punje moja ya mchanga iliyobaki hugeuka msasa mkononi mwako. Liwekwe kivulini hadi bati lipoe. Kingo na mikunjo ya bodi zifunikwe kwa utepe wa karatasi, kwani hapo rangi ni nyembamba kuliko penginepo. Kisha lijaribiwe eneo dogo lenye ukubwa wa daftari, kwa dawa ya kusugulia iliyo laini kuliko zote ulizonazo. Ikitosha, endelea nayo. Isipotosha, ndipo upande hadi iliyo kali zaidi, na umalizie kwa ile laini. Tazama kitambaa chako: kikichukua rangi ya gari, jua kwamba gari halina klia, na hilo si ajabu kwa magari ya zamani, hasa meupe. Hapo sugua kwa uangalifu zaidi, kwa sababu unachokipunguza ni rangi yenyewe.

Msasa usiwe mwanzo wa kazi kamwe. Kila unapong'arisha unaondoa sehemu ya tabaka ambalo halirudi, kwa hiyo simama mara gari linapopendeza. Usingoje lifanane na kioo. Mwishoni paka nta, na urudie kila baada ya miezi miwili au mitatu. Nta ni mwavuli, haiponyi. Anayeipaka juu ya rangi iliyopauka ataona mng'ao wa siku chache, kisha weupe utarudi.

Sasa nije kwenye paa lenye klia iliyokufa. Hapa ndipo nilipomwomba mama asitume fedha za kompresa. Klia imara ya magari huchanganywa na kigumishi, ambacho mafundi huita hadna, na hadna nyingi zina kemikali ziitwazo isosayaneti. Ukungu wake ukivutwa puani waweza kuleta pumu ya kudumu; aliyekwisha kupata pumu hiyo hushikwa upya hata kwa kiasi kidogo sana. Barakoa ya kitambaa au ya karatasi haizuii kitu. Fundi aliyejiandaa hupulizia katika chumba maalumu, akivaa kifaa kinacholetewa hewa safi kwa mpira. Ua wenye watoto, jiko na nguo zilizoanikwa si mahali pa kazi hiyo. Fedha zilizokusudiwa kununua mashine zilipwe kwa fundi mwenye vifaa, apige paa zima. Kiraka cha klia katikati ya paa huanza kubanduka tena ukingoni. Fedha zikikosekana, paa lenye mabaka ni aibu ndogo. Gari litaendelea kubeba abiria, na kijana atabaki na mapafu yake.

Kwa wanaotaka kununua vifaa hapa, Barabara ya Yongfu imejulikana miaka mingi kwa maduka ya vifaa vya magari. Nendeni na maneno mawili: paoguang, yaani kung'arisha kwa kusugua, na dala, yaani kupaka nta. Anayeyachanganya atarudi na nta akidhani amenunua dawa ya kusugulia. Kwa anayeanza, mashine inayozunguka huku ikiyumba ni salama kuliko ile inayozunguka mahali pamoja, ambayo huunguza rangi upesi. Umeme wa hapa ni volti 220 na wa kwetu hautofautiani sana, hivyo kwa kawaida mashine itafanya kazi. Kinachohitajika ni plagi inayoingia katika soketi za nyumbani. Makopo ya rangi ya kupulizia na thina msiyatie katika masanduku ya ndege: ni mizigo ya hatari, hairuhusiwi.

Kabla ya kutuma chochote, ombeni picha ya gari likiwa na maji. Ndoo moja ya maji haina gharama, nayo itawaambia kama fedha ziende kwa kopo la dawa au kwa fundi.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Wenu, Mwalimu