Maktaba ya Tiba Siyo Mali ya Madaktari Peke Yao

Vijana wenzangu, tukizungumzia afya kwenye mikutano yetu tunataja dawa zisizopatikana, vitanda, bima na mishahara ya manesi. Sawa kabisa. Ila kuna kitu hatukitaji kamwe: maktaba. Najua kuna atakayecheka, eti watu wanakosa panadol, huyu dada analeta habari za vitabu. Subiri kidogo.

Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwanamke wa miaka 24 alijitolea kwenye utafiti wa pumu. Alivutishwa dawa, mapafu yakaharibika, akafariki. Mtafiti alikuwa ametafuta taarifa za usalama wa dawa ile, lakini kanzidata aliyoitumia ilianzia miaka ya 1960. Ripoti za miaka ya 1950 zilizoonyesha kwamba dawa hiyo inaweza kudhuru mapafu zilikuwepo. Baada ya kifo, zikapatikana. Hapo ndipo unaelewa kazi ya mkutubi wa tiba: siyo kupanga vitabu tu, ni kujua taarifa ipo wapi na kumfikishia anayeihitaji kabla hajachelewa.

Wenzetu waliliweka jambo hili kwenye sheria. Mwaka 1956 Bunge la Marekani liliigeuza maktaba ya tiba ya jeshi kuwa Maktaba ya Taifa ya Tiba. Mwaka 1997 maktaba hiyo ikafungua PubMed bure kwa kila mtu mwenye intaneti, na 1998 ikaanzisha MedlinePlus, inayoeleza magonjwa kwa lugha nyepesi. Humo kuna hata maelezo ya Kiswahili. Fikiria hilo: Mmarekani analipa kodi, na mama wa Nachingwea mwenye bando anasoma kuhusu kisukari kwa lugha yake.

Hapa kwetu msingi upo. Muhimbili kuna chuo kikuu cha afya chenye maktaba yake, na vyuo vingine vya tiba vinazo za kwao. Tangu 2002 kuna HINARI, mpango wa Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa, unaozipa taasisi za nchi maskini maelfu ya majarida ya kitabibu bure au kwa bei ndogo. Lakini neno la kuangalia hapo ni "taasisi". Nywila inapewa chuo, hospitali au ofisi iliyojisajili. Nesi wa zahanati ambayo hakuna aliyeisajili yuko nje ya mlango. Mgonjwa ndiyo kabisa, hajui hata kama anaruhusiwa kuuliza.

Kwenye sheria tumeshaona mlango wa namna hii ukifunguka. Leo hukumu za Mahakama ya Rufani unazisoma bure TanzLII, ukiwa Kariakoo au Kasulu. Hakuna aliyesema wananchi wasisome hukumu kwa sababu siyo mawakili. Kwa nini afya iwe tofauti?

Tusijifanye hatujui sababu. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi iliyoombwa taarifa ijibu ndani ya siku 30. Maandishi mazuri. Lakini mwishoni mwa Aprili 2020 serikali hiyohiyo iliacha kutangaza takwimu za Uviko-19, na mwaka huohuo kanuni za maudhui ya mtandaoni zikakataza kuandika kuhusu mlipuko wa ugonjwa hatari bila kibali. Watawala waliozoea kuamua raia ajue nini kuhusu ugonjwa wake hawawezi kuona haraka ya kufungua maktaba.

Watasema wananchi wakisoma watajitibu wenyewe. Jamani, mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, na mawaziri walikuwemo. Hawakutoka maktaba wale. Anayekosa pa kuuliza ndiye anayeamini kila kinachotumwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Anayesoma kwanza anakwenda kwa daktari na maswali ya maana.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Wizara ya Afya isajili HINARI kila hospitali ya wilaya inayostahili, na nywila ziwafikie hadi manesi wa zahanati. Maktaba za vyuo vya umma vya tiba ziwe na dawati la wananchi, lenye mkutubi anayejibu kwa Kiswahili, ana kwa ana na kwa simu. Na maktaba za mikoa, ambazo zina Bodi yake kisheria tangu 1975, ziunganishwe na huduma hiyo.

Tusisubiri ilani ya uchaguzi. Kila tawi la vijana liandike barua kwa mganga mkuu wa wilaya yake, kwa kutumia sheria ya 2016, likiuliza: hospitali yetu imesajiliwa HINARI, ndiyo au hapana? Nani ana nywila? Weka tarehe, dai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, hesabu siku 30. Wakijibu, tutajua pa kuanzia. Wakikaa kimya, tutakuwa na hoja ya kwenda nayo kwa diwani, kwa mbunge na ikibidi mahakamani.