Kutoka Picha Bapa hadi Ramani ya Pande Tatu: Teknolojia Inavyosaidia Kukabili Mafuriko Dar es Salaam

Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyosababisha vifo vya watu takribani 40 jijini Dar es Salaam, yaliacha swali zito kwa wataalamu wa mipango miji: maji ya Mto Msimbazi yakifurika, yanafika wapi? Serikali iliwahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande. Hata hivyo, kupanga kinga ya jiji kulihitaji ramani inayoonesha si mahali nyumba ilipo tu, bali pia mwinuko wa ardhi iliyojengwa juu yake. Katika bonde lenye mteremko mdogo, tofauti ya nusu mita inaweza kuamua kama maji yatapita nje ama yataingia ndani.

Hatua muhimu ilipigwa mwaka 2015 kupitia mradi wa Ramani Huria, uliozishirikisha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chama cha Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia. Ndege ndogo zisizo na rubani zilipiga picha za maeneo ya jiji kutoka angani. Kila picha ni bapa, lakini kompyuta ikiziunganisha huweza kutoa taswira yenye urefu, upana na kimo.

Msingi wa kazi hiyo ni ule wa macho mawili ya binadamu. Mtu akinyoosha kidole mbele ya uso, akafumba jicho moja na kisha jingine, kidole huonekana kuhama kuliko ukuta ulio mbali. Vivyo hivyo, ndege hupiga picha zinazoingiliana kwa sehemu kubwa ili paa moja lionekane katika picha kadhaa. Programu hutambua alama ileile, kwa mfano kona ya bati, katika kila picha, kisha hukokotoa mahali kamera ilipokuwa na umbali wa alama hiyo. Hesabu hiyo ikirudiwa kwa mamilioni ya alama, umbo la mtaa mzima hupatikana.

Pamoja na manufaa hayo, teknolojia hiyo ina mipaka. Kwanza, picha peke yake hazina kipimo. Gari la kuchezea na gari halisi huweza kuonekana sawa. Ili kupata vipimo vya uhakika, wapimaji huweka ardhini alama ambazo mwinuko wake umepimwa kwa vifaa vya setilaiti. Pili, kamera huona sehemu ya juu pekee. Ardhi iliyo chini ya mikoko haionekani, wala kalvati lililoziba. Kwa sababu hiyo, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walipita mitaani kwa miguu, wakiandika mitaro ilipo na maeneo ambayo wenyeji walikumbuka kuwa maji yaliwahi kufika.

Tahadhari hiyo ina uzito zaidi wakati huu ambapo programu za Akili Unde zinaweza kutoa taswira ya pande tatu kutokana na picha moja tu. Programu hizo hukisia kina kwa kulinganisha na picha nyingi zilizojifunza awali. Makisio hayo yanafaa kwa burudani na matangazo, lakini hayawezi kuwa msingi wa kuamua ni kaya ipi iliyo ndani ya eneo hatarishi na ipi iliyo nje.

Kwa mwananchi, mpaka wa eneo la mafuriko hugusa nyumba, kiwanja na usalama wa familia. Ni muhimu, basi, wakazi wawape wapimaji ushirikiano, wawaoneshe ukutani alama za maji ya miaka iliyopita, na waulize mwinuko wa maeneo yao ulipimwaje. Kompyuta husoma picha kwa kasi kubwa, ila usahihi wa ramani huanzia ardhini.