Jani la Beberu

Siku moja nilikuwa nyuma ya shule pamoja na wanafunzi wangu wa darasa la sita, tukikusanya mimea kwa ajili ya somo. Msichana mmoja aling'oa mmea, akaponda jani lake kati ya vidole, akaninusisha. Kisha akauliza: «Mwalimu, nyanya yangu mzaa mama hulipika jani hili na kuninywesha kila mara tumbo liniumapo. Je, anafanya vema?» Nilimwambia kwamba nitamjibu kesho yake, kwa maana swali kama hilo halijibiwi kwa neno moja. Jibu nililompa nawaandikieni na ninyi.

Mmea huo mnaujua wote, ingawa kila kabila lina jina lake. Wenye elimu ya mimea huuita Ageratum conyzoides. Ndilo jina alilolitoa Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, mwaka 1753. Wafaransa huuita jani la beberu, naye aliyewahi kuunusa hahitaji kuelezwa sababu. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, lakini leo umeenea katika nchi zote za joto duniani. Huku Masisi huota pembeni mwa malisho na katikati ya maharagi. Ukishuka Walikale utaukuta kando ya njia na katika mashamba yaliyofyekwa, wala si ndani ya msitu mkubwa, kwani hauwezi kukaa gizani.

Tuutazame vizuri. Shina lake lina nywele nyeupe. Majani hukaa mawili mawili yakielekeana, na ukingo wake una meno madogo. Juu kabisa pana vishada vya maua meupe au ya samawati. Lakini kile tukiitacho ua si ua moja: ni mkusanyiko wa maua madogo mengi sana yaliyobanana katika kikombe kimoja, kila moja kama mrija mwembamba.  Neno Ageratum maana yake ni kitu kisichozeeka, kwa sababu maua yake hukaa na rangi siku nyingi. Jina la ajabu kwa mmea usiomaliza mwaka!

Nanyi mnaolima mnaweza kuuliza: mbona tukipalilia leo, kesho unarudi? Mmea mmoja waweza kutoa mbegu hata 40,000, nyeusi na nyepesi, zenye magamba madogo kama mabawa. Upepo na maji huzipeleka mbali. Tena mbegu hizo hungoja mwanga ndipo ziote. Zile zilizolala chini gizani, jembe lako ndilo linalozipandisha juu na kuziamsha.

Sasa dawa. Tangu zamani, katika nchi nyingi za Afrika, watu huponda majani haya na kuyaweka juu ya kidonda. Wazee hawakuota ndoto: wataalamu waliojaribu katika maabara waliona kwamba yana nguvu ya kuzuia baadhi ya vijidudu. Nami sikuwacheki wazee hao. Lakini jani lililong'olewa njiani lina udongo na samadi, na humo hukaa mdudu wa pepopunda. Kidonda kioshwe kwanza kwa maji yaliyochemshwa na sabuni, na kikiwa kirefu kipelekwe kwa muuguzi.

Kunywa ni jambo jingine kabisa. Ndani ya mmea huu mna sumu za jamii ya alkaloidi ziitwazo pirolizidini. Zikiingia tumboni hufika kwenye ini, na ini lenyewe, likijaribu kuzivunja, huzigeuza kuwa kali zaidi. Mishipa midogo ya damu ndani ya ini huziba, tumbo hujaa maji, mwili hukonda. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Hutoka majanini na kuingia katika maji unayokunywa. Ubaya wake ni kwamba haiumi siku ile ile. Mtoto hunywa, hulala, huamka mzima, na mama husema dawa ni njema.

Tangu mwaka 2001, katika vijiji vya kaskazini-magharibi mwa Tigray, nchini Ethiopia, watu walianza kuvimba matumbo na kufa, na mifugo vilevile. Sababu ilitafutwa miaka mingi. Mwishowe sumu hiyo ilionekana katika nafaka zao, na mmea uliokuwa umeota mashambani, mbegu zake zikichanganyika na chakula, ulikuwa huu huu. Basi ninyi mnaovuna mtama na ulezi, pepeteni sana.

Yule msichana alipeleka jibu langu nyumbani. Nyanya yake akaja shuleni mwenyewe, na fimbo yake mkononi. «Mwalimu,» akasema, «nimekusikia. Lakini kituo cha afya ni mwendo wa saa tatu, na siku za risasi njia hufungwa. Nimpe mtoto nini?» Sikuwa na dawa ya kumpa. Nilimwambia ampe maji safi yaliyochemshwa, na siku njia itakapofunguka amchukulie vidonge vya minyoo. Nami nikaahidi kumtuma kijana wangu mkubwa amletee. Alikubali, ila jani la kidonda alikataa kuliacha, na katika hilo sikubishana naye.