Ukambi: Daktari huutambua ukiwa tayari umeenea

Mzazi wa Embulbul, viungani mwa mji wa Ngong, anapomwona mwanawe ana homa, mafua na kikohozi, hudhani ni baridi tu ya milima ya Ngong. Humpa dawa ya kuteremsha homa, kisha humpakata ndani ya matatu hadi Karen au Nairobi. Hastahili lawama, kwani siku hizo za mwanzo hata daktari aweza kudanganyika. Lakini ukambi, au surua, huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele kutokea hadi siku 4 baadaye.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa maradhi haya. Daktari huanza kwa macho: homa kali, kikohozi, mafua, macho mekundu. Kisha humfunua mtoto kinywa na kutafuta ndani ya mashavu vidoa vyeupe mithili ya chembe za chumvi, ambavyo tabibu Mmarekani, Henry Koplik, alivieleza mnamo 1896. Vidoa hivyo hutangulia vipele kwa siku moja au mbili, halafu hutoweka. Vipele navyo huanzia usoni na nyuma ya masikio, vikateremka hadi miguuni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wake hufichika. Tabibu mwangalifu hupapasa pia.

Damu hupimwa katika maabara ya taasisi ya utafiti wa kimatibabu, KEMRI, jijini Nairobi. Hata hivyo, ikitolewa katika siku 3 za kwanza za vipele, huenda kingamwili zisionekane ilhali ugonjwa upo. Ndiposa matibabu hayangojei majibu: mtoto hupewa vitamini A siku mbili mfululizo.

Mgonjwa huugua kwa siku 7 hadi 10 hivi. Hesabu hiyo, kwa maoni yangu, huwapumbaza wazazi. Vipele hufifia, ila kinga ya mwili hubaki dhaifu kwa wiki kadhaa, pengine miezi, na nimonia hupata mwanya. Nimonia ndiyo huua wengi.

Kenya hutoa chanjo katika miezi 9, na tangu 2013 ya pili katika miezi 18. Si wote wanaorudi kwa ya pili, maana mtoto keshatembea na haonekani mgonjwa. Lakini katika ploti ambamo familia nyingi hutumia ua mmoja, na virusi huweza kubaki hewani chumbani kwa muda wa saa 2, mtoto mchanga wa miezi 6 hana ngao ila chanjo ya mtoto wa jirani.